Tangi la Samaki Tulilorithi



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu wataliona dogo, nalo ni tangi la kioo la kufugia samaki. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alipofariki, mjane wake alituita akatuambia: "Wanangu, mimi macho yananisumbua na ndoo siziwezi tena. Lichukueni tangi hili, samaki wa mzee wasije wakafa." Tulilipokea kwa moyo mkunjufu. Siku 10 hazikupita, samaki 5 kati ya 14 walikuwa wamekwisha kufa, nao hawakuuawa na uzembe wetu bali na bidii yetu. Ndiyo maana tunathubutu kusema kwamba mtu aliyerithi tangi lenye uhai, kazi yake ya kwanza ni kuuliza, na ya pili ni kujizuia.

Samaki wenyewe ni mbuna wa Ziwa Nyasa, wadogo, wa rangi ya buluu na manjano, ambao kwao huishi kati ya miamba wakikwangua mwani juu ya mawe. Tangi lina ujazo wa lita 200. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 200, kwa hiyo haiwezekani kulihamisha bila kulimwaga. Basi tukafikiri: maadam limekwisha mwagwa, kwa nini tusilisafishe kabisa? Tukasugua vioo kwa sabuni. Tukaosha changarawe kwa maji ya bomba mpaka ikang'aa. Sponji ya chujio, iliyokuwa na utelezi wa kahawia wa kuchukiza, tukaikamua mpaka ikawa nyeupe. Vipande vya matumbawe vilivyokuwa pembeni tulivitoa, tukidhani ni pambo la kizamani. Kisha tukajaza maji mapya, tukawapa samaki chakula kingi ili wasahau msiba. Siku ya tatu walikuwa wakipanda juu ya maji kuhema, matamvua yakienda mbio.

Laiti tungalijua kwamba ule utelezi wa kahawia ndio uliokuwa urithi wenyewe! Samaki hutoa amonia kwa matamvua na kwa kinyesi, na chakula kinachooza huiongeza. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wa namna mbili: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi mpaka ipunguzwe kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaelei tu majini. Hushikamana na sponji, changarawe na mawe, na klorini ya maji ya bomba huwaua. Kuwaotesha upya huchukua kwa kawaida majuma 4 hadi 6. Tena mbuna hupenda maji magumu yasiyo na asidi, ndiyo sababu mzee aliweka matumbawe. Na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi kuliko katika maji yenye asidi.

Tuliporudi kwa mjane vichwa tumeinamisha, hakutukaripia. Alifungua kabati akatutolea daftari la marehemu. Kila Ijumaa kwa miaka mingi imeandikwa: "Ndoo mbili." Yaani lita 40, sehemu moja ya tano ya maji yote, zinavutwa kwa mpira kutoka chini penye uchafu, na mahali pake hutiwa maji yaliyolala siku nzima katika ndoo wazi ili klorini itoke. (Njia hiyo huifaa klorini ya kawaida, penye kloramini haitoshi, hutakiwa dawa ya kuiondoa.) Sponji aliisuuza katika yale maji aliyoyavuta, kamwe si chini ya bomba. Kabatini kulikuwa pia na kipampu cha hewa cha betri. Umeme ukikatika chujio husimama, na bakteria wakikosa hewa kwa saa kadhaa huanza kufa. Sisi tulikuwa tumekiona siku ile ya kuhama, tukadhani ni mchezo wa wajukuu.

Tukaacha kulisha kwa siku kadhaa, tukabadilisha sehemu ya maji kila siku, tukarudisha matumbawe mahali pake. Tisa waliobaki wapo hadi leo. Sasa hula majani zaidi kuliko nyama, kidogo, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili.

Katika siku zile za mashaka rafiki mmoja alitushauri tuwaachie mtoni, waende zao. Ushauri huo tunaukataa kwa nguvu zote, na tunawasihi nanyi mkatae. Nchi za ziwa zinajua vizuri maana ya samaki mgeni. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na alipoongezeka sana katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu, ambao ni ndugu wa mbuna hawa, zilitoweka. Asiyeweza kufuga ampe mwingine anayeweza. Kukubali kwamba kazi imetushinda si aibu. Aibu ni kuusukumia mto mzigo wetu.

Mwezi uliopita jike mmoja aliacha kula. Alijificha nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba, na sisi, kwa hofu tuliyokwisha kuizoea, tulikuwa njiani kwenda kununua dawa. Safari hii tulipita kwanza kwa mjane. Alicheka, akatuambia tumwache. Mbuna jike hubeba mayai kinywani, kisha watoto, kwa muda wa majuma matatu hivi, na siku hizo zote hali kitu. Mzee, alisema, wakati kama huo hakumruhusu mgeni yeyote hata kugonga kioo kwa kidole.