Bodaboda Bila Leseni: Maskini Yupi Tunamtetea?

Muhula uliopita, katika mjadala wa darasa letu, mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba kumdai mwendesha bodaboda leseni ni kumtoza maskini kodi ya umaskini wake. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga, na kengele ililia kabla sijapata nafasi ya kueleza kwa nini. Naeleza hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Busia ya Kenya, ingawa kwetu kutaja upande ni jambo la karatasi tu. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, Wateso vivyo hivyo, na shangazi yangu aliolewa Tororo. Karo yangu ya mwaka wa kwanza ililipwa na pikipiki. Kaka yangu ndiye aliyeiendesha. Mwenye pikipiki alikuwa mtu mwingine, aliyedai shilingi 300 kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kaka hakuwa na leseni. Alijifunza alasiri moja kwenye uwanja wa shule ya msingi, na siku ya tatu alikuwa anabeba watu. Mwezi wa tano alianguka kando ya foleni ya malori, nyuma akiwa amembeba mama mmoja muuza omena. Kaka alichubuka viwiko. Yule mama alivunjika mguu mahali pawili. Bima haikulipa, kwa kuwa dereva hakuwa na leseni. Mama akala mtaji wake wote kwa matibabu, nasi tulichanga tulichoweza, hakikutosha. Hadi leo anachechemea.

Basi mtu akiniambia leseni ni dhuluma kwa maskini, namuuliza: maskini yupi? Aliyekaa mbele, au aliyekaa nyuma? Wenzangu wanaopiga makofi wanamwona mmoja tu, yule mwenye usukani. Anayepanda bodaboda si mwenye gari. Ni mama wa soko, ni mwanafunzi, ni mjamzito anayekwenda zahanati usiku. Ukimtetea dereva asiyejua kazi, umewauza hao wote kwa jina la huruma.

Jambo hili linatuhusu sisi wa mpakani kuliko wengine, kwa sababu kazi yenyewe ilizaliwa kwetu. Kati ya vituo vya Kenya na Uganda palikuwa na kipande kirefu ambacho abiria wa basi alilazimika kukivuka kwa miguu, mizigo kichwani. Vijana wenye baiskeli walimngoja pale wakiita «boda, boda!», yaani toka mpaka huu hadi ule. Neno likatoka Busia na Malaba likafika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, na sasa sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaliandikia tasnifu. Baiskeli ile haikuhitaji leseni, na ilikuwa sawa. Ukianguka nayo unajikung'uta vumbi. Pikipiki ni chombo kingine kabisa, lakini tuliipokea kwa mazoea ya baiskeli. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mnamo 2008, zikamiminika vijijini, na hakuna aliyeuliza nani atawafundisha vijana watakaozipanda.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana serikali isidhani nimeiandikia barua ya pongezi.

Baada ya ajali ile, kaka alikata shauri kupata leseni. Kenya ina daraja lake hasa, A3, la pikipiki za abiria na vifurushi. Alijiandikisha katika chuo kimoja cha udereva. Akafundishwa juu ya meza yenye ramani ya mji wa kuchora na vigari vidogo vya kusukuma kwa kidole: ingia mzunguko, toka mzunguko, simama kwenye makutano. Sheria za barabara alizisoma kwa Kiingereza, akazikariri kama dua. Pikipiki yenyewe aliiendesha dakika chache, peke yake, kwenye uwanja mkavu. Hakuna aliyemwonyesha jinsi breki inavyobadilika kukiwa na mtu mwenye gunia nyuma. Hakuna aliyemfundisha kupita kando ya trela linalokata kona, wala kushuka barabara ya udongo mwekundu baada ya mvua. Kisha akadokezwa kwamba mwenye kuongeza «chai» hafeli. Leseni akaipata. Ninachosema ni kwamba aliinunua. Kufundishwa alikuwa amefundishwa na ule mguu wa mama.

Hapo ndipo hoja ya mwenzangu ina ukweli, na sitaki kumnyima haki yake. Leseni inayouzwa ni kodi kweli. Lakini dawa ya mtihani mbovu ni mtihani mzuri. Nani amewahi kusema kwamba kwa kuwa kuna wauguzi walioghushi vyeti, basi kila mtu achome sindano?

Lugha nayo isisahaulike. Katiba ya Kenya ya 2010 inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Uganda iliongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya 2005. Nchi zote mbili huendesha kushoto. Pale steji, Mkenya na Mganda hubishania abiria, bei na Arsenal kwa Kiswahili hichohicho. Kwa nini basi somo la udereva wa abiria lisiwe moja, kwa Kiswahili, likatambuliwa Busia zote mbili, Malaba na Tororo? Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikuja kwetu kuzindua kituo kimoja cha mpakani, ili msafiri ahudumiwe na nchi zote mbili mahali pamoja. Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010. Mahindi yana utaratibu wa kuvuka, lori lina utaratibu wa kuvuka. Kijana aliyeipa kanda nzima neno bodaboda bado anavuka kwa kujuana na askari wa zamu.

Tusijidanganye kwamba msako utatufaa. Machi 2022, baada ya mwanamke kushambuliwa na waendesha bodaboda barabarani Nairobi, Rais aliagiza msako na usajili upya wa madereva wote nchini. Pikipiki zikarundikwa vituoni, hata za watu waliokuwa maili mia nne kutoka kwenye uovu ule, na baada ya siku chache shughuli ikasitishwa. Kilichofundishwa ni nini? Kujificha. Linganisha na 2004, waziri John Michuki alipolazimisha mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu. Wenye magari waligoma, tukaambiwa maskini watakwama. Walitembea kwa miguu siku kadhaa, ni kweli, lakini abiria alianza kuhesabiwa kuwa mtu mwenye kiti chake.

Ninachotaka ni kidogo. Mkufunzi aende steji, asingoje kijana aje mjini. Mtihani ufanywe na uzito nyuma ya kiti, barabarani, penye malori. Na mwenye pikipiki, yule wa shilingi 300 kila jioni, ndiye alipie masomo ya kijana kabla hajamkabidhi ufunguo. Akimpa asiye na leseni, ashtakiwe yeye kwanza. Ajabu ni kwamba katika mjadala wetu wote ule hakutajwa hata mara moja. Tulibishana juu ya kijana na polisi, mwenye mali amekaa nyumbani anahesabu.

Kaka bado anaendesha. Jumapili huwafunza wavulana wawili kwenye uwanja uleule, kwa gunia la mchanga lililofungwa nyuma. Mama wa omena naye bado hupanda bodaboda kila alfajiri kwenda sokoni, hana njia nyingine. Kaka ananiambia kwamba siku hizi, kabla hajapanda, mama huyo humwomba kijana amwonyeshe leseni. Wengi humcheka, na kwa kuwa mguu hauwezi kutembea mbali, hupanda hivyohivyo.