Majeruhi Asisubiri Kesi ya Mtambo

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukata Mkoa wa Songwe na kufika Tunduma, mpakani mwa Zambia, ambako malori hupanga foleni ndefu. Leo kila lori lina dereva, na sheria inamtambua. Lakini vyombo vinavyojiongoza kwa setilaiti si ndoto tena nchini: mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa kwa majaribio kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe.

Chombo cha aina hiyo kikimjeruhi mtu, nani awajibike? Mmiliki, mtengenezaji, mwandishi wa programu, au mwenye setilaiti? Setilaiti za GPS huzunguka kilomita 20,200 hivi juu ya dunia. Mawimbi yake hufika ardhini yakiwa dhaifu, nayo huvurugika kwa urahisi. Serikali ya Marekani hutoa huduma hiyo bure, bila mkataba na mtumiaji. Kila mhusika, basi, ana wa kumsukumia lawama.

Mwaka 2018, gari la majaribio lililokuwa likijiendesha lilimuua mtembea kwa miguu huko Tempe, Marekani. Kosa halikuwa la setilaiti, lakini funzo ni lile lile: kampuni haikushtakiwa kwa jinai, ilhali mwangalizi aliyeketi garini alitiwa hatiani mwaka 2023, miaka mitano baadaye.

Wapo wasemao kwamba ni mapema mno kutunga sheria kwa ajili ya magari ambayo hayajafika. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mfupa uliovunjika ungeweza kusubiri. Majeruhi huhitaji damu, upasuaji na mazoezi ya viungo kabla hakimu hajajua programu ni nini. Uingereza ililiona hilo: sheria yake ya mwaka 2018 inaitaka kampuni ya bima imlipe majeruhi kwanza, kisha imdai mwenye kosa. Tanzania tayari ina bima ya lazima ya mtu wa tatu. Inafaa itamke wazi kwamba fidia haitategemea kuwapo kwa dereva.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Matibabu ya dharura yatangulie, na fomu ya PF3 ijazwe kwa ukamilifu: saa, majeraha, na hali ya mgonjwa alipopokelewa. Mtambo hauwezi kuhojiwa kizimbani. Maandishi ya daktari yataweza kumsemea majeruhi.