Sungura Ana Nyumba Tatu

Walimu wenzangu, wazazi na wajumbe wa kamati za shule, nina ombi moja. Mtoto akija maktaba kuomba kitabu, msimchukulie. Mwacheni akifuate mwenyewe.

Najua hali zetu. Maktaba nyingi za shule ni kabati lenye kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu ambaye leo kaenda semina. Hata pale penye chumba na rafu, mtoto huishia mlangoni: anataja anachotaka, mkubwa anainuka, anampa. Anasema ahsante, anakaa, na kesho ataomba tena, maana hajui kilitoka wapi.

Chukua mtoto wa darasa la nne anayetaka kitabu cha sungura. Sungura yupi? Katika mpangilio wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, ambao maktaba zinautumia tangu 1876, sungura ana nyumba tatu. Yule mjanja anayemlaghai fisi yuko 398.2, kwenye ngano. Sungura mnyama, mwenye meno yasiyokoma kukua, yuko 599.32. Na yule wa bandani, tunayemkatia majani, yuko 636.9, rafu moja na ng'ombe na kuku. Mwandikie mtoto namba hizo tatu kwenye kikaratasi, kisha kaa chini umtazame akizunguka. Akirudi na vitabu vitatu, atakuwa na maswali ambayo hakuja nayo.

Atakwama, na pa kukwamia napajua: kwenye nukta. Buibui ni 595.44, wadudu ni 595.7. Mtoto ataona arobaini na nne ni kubwa kuliko saba, aende kulia wakati kitabu cha buibui kiko kushoto. Usimcheke. Mwambie baada ya nukta asome tarakimu moja moja, na nne hutangulia saba. Mwalimu wa hisabati naye atakuwa amesaidiwa kazi yake.

Kama vitabu vyenu ni mia mbili tu na havina namba, msisubiri mkutubi kutoka mjini. Makundi makuu ni kumi, kuanzia 000 hadi 900. Kateni manila, waambieni watoto wenye mwandiko mzuri waandike vibao, vibandikwe kwenye rafu Jumamosi moja. Kila mtoto apewe rula ya kuchomeka mahali alipotoa kitabu, apakumbuke akirudisha. Kitabu kilichorudishwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea, hata kama kiko humo humo chumbani.

Ninachoomba ni kipindi kimoja kwa wiki, nusu saa, kwenye ratiba kabisa na si "tukipata nafasi". Mzazi mwenye muda aje asimame kando ya rafu, mikono nyuma.

Na ule ufunguo, tafadhali, chongesheni wa pili.