Mhadhiri Naye Aingie Mjadalani

Mwalimu wa Zinga au Kiwangwa, hapa Bagamoyo, anayejiendeleza Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huwapata wanadarasa wenzake zaidi kwa simu kuliko ana kwa ana. Chuo hicho, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kipo kwa ajili ya watu kama yeye, wenye kazi na familia. Siku hizi masomo yake yamo kwenye Moodle, mfumo wa kujifunzia mtandaoni, ambamo kozi huwa na jukwaa la mjadala.

Kwa wanafunzi wengi jukwaa hilo ni la maksi tu. Mtu huingia usiku wa mwisho, akabandika aya ya Kiingereza kilichonyooshwa, akaandika "nakubaliana na mwenzangu" chini ya aya ya mwingine, akatoka. Mjadala wenyewe uko kwenye kundi la WhatsApp. Huko wanaulizana kwa Kiswahili, wanabishana, wanatumiana picha za kurasa, na aliyeelewa anarekodi sauti kumfafanulia aliyekwama.

Hatuwalaumu. Jukwaani kosa lako la Kiingereza linakaa na jina lako, na mtoa maksi analiona. Anayeogopa kuchekwa haulizi. Tena ujumbe wa WhatsApp hupenya hata mtandao ukiwa hafifu, ilhali ukurasa wa chuo huzunguka mpaka bando likakata.

Lakini kundini mhadhiri hayupo. Aliyekosea huwakosesha wote, na kosa hilo huingia nao chumba cha mtihani. Maelezo mazuri ya leo, kesho yamezama chini ya michango ya harusi na taarifa za misiba. Jukwaa la chuo hutunza: jibu la Machi hukutwa Juni, hata na mwanafunzi aliyechelewa kujiunga.

Basi mhadhiri aingie mwenyewe, kila wiki, ajibu. Aruhusu maswali ya Kiswahili. Mtihani ubaki na lugha yake. Maksi apewe aliyemsaidia mwenzake kuelewa, si aliyejaza aya.

Hapa Bagamoyo tuna Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), unaowanoa viongozi wa shule kisha wakatawanyika kurudi vituoni. Hao ndio wanaohitaji zaidi jukwaa lenye mkufunzi ndani yake. Mwalimu mkuu aliyekwama kwenye hesabu za ruzuku ya shule asilazimike kungoja semina ijayo ndipo aulize.