Utingo wa Kioo

TUNAKOPITA
Na Zuhura Kibwana

Kiliniangukia Chalinze. Nilikuwa natoka Morogoro, saa nane mchana, gari limetoka kusimama juani saa nzima wakati nikila. Tairi za mbele zilipopanda tuta la kwanza nikasikia mlio mkavu, kisha kitu kizito kikadondoka juu ya gia. Kioo cha ndani, kile cha katikati ambacho dereva hutazamia nyuma, kilikuwa kimebanduka chenyewe. Nikakiokota, nikakifuta kwa ncha ya khanga, nikakitia kwenye droo ya dashibodi. Kikakaa humo wiki tatu.

Si mimi peke yangu. Tazama foleni yoyote ya jioni kwenye Barabara ya Morogoro: gari limeoshwa likang'aa, viti vimevalishwa, na pale juu katikati ya kioo cha mbele pana doa tu la gundi kuukuu. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia saiti mira anazo mbili, zinamtosha. Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo.

Lori likirudi nyuma kwenye uchochoro, utingo hushuka akasimama kule mkiani na kupiga bodi kwa kiganja: twende, twende, hapohapo. Konda wa daladala naye hutoa kichwa dirishani amtazamie dereva anayetaka kuingia barabarani. Magari ya mashindano ya zamani yalikuwa na watu wa namna hiyo pia. Dereva aliketi na fundi ubavuni, na moja ya kazi za fundi huyo ilikuwa kugeuka nyuma na kumwambia dereva nani anakuja. Tarehe 30 Mei 1911, kwenye mashindano ya kwanza ya maili 500 huko Indianapolis, Marekani, yaliingia magari 40, na Ray Harroun peke yake ndiye aliyekuja bila fundi. Gari lake lilikuwa na kiti kimoja. Wenzake wakalalamika kwamba atawahatarisha kwa kutoona nyuma, yeye akafunga kioo mbele ya uso wake, na akashinda. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1909, dereva wa Kiingereza Dorothy Levitt alikuwa ameshawashauri wanawake wenzake kitabuni wachukue kioo kidogo cha mkononi garini, wakiinue mara kwa mara waone kinachowafuata.

Kwa hiyo kile kioo ni utingo. Gari dogo halina mtu wa kushuka na kupiga bodi, lina kioo hicho. Na saiti mira hazichukui nafasi yake, kwa sababu mbili. Ya kwanza, zinaonyesha mbavu za gari, na aliyekuganda nyuma kabisa, katikati, hazimwonyeshi. Ya pili ni madereva wachache wanaoifikiria: katika mengi ya magari yanayotufikia kutoka Japani, vioo vya pembeni vimebinuka kidogo ili vionyeshe eneo pana, na kioo kilichobinuka hukifanya kitu kionekane kidogo na cha mbali kuliko kilivyo. Kioo cha ndani ni bapa. Umbali unaouona humo ndio umbali wenyewe.

Nililielewa hilo Mbezi, wiki ya tatu. Nilitaka kukunja kushoto niingie kituo cha mafuta. Nikawasha indiketa, nikatupia jicho saiti mira ya kushoto, peupe, nikakata usukani. Bodaboda iliyokuwa nyuma yangu kabisa, mahali ambapo ningeiona tangu mita mia nyuma kama kioo kingekuwa mahali pake, ilikuwa ndiyo kwanza inachomoka kunipita kwa upande huohuo. Ilikuwa imempakia mama aliyebeba mtoto mgongoni. Yule kijana alikamata breki mpaka tairi la nyuma likaserereka kwenye kokoto, akasimama shubiri moja kutoka mlangoni kwangu. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, uwe unaangalia nyuma." Mtoto alikuwa amelala, kichwa kimeegemea bega la mama yake, na hakuamka.

Siku hiyohiyo nikaenda gereji ya jirani. Kijana akatoa kichupa cha supagluu, akadondoshea, akabandika, akashikilia kwa dakika tano, akachukua elfu tano yake. Kioo kikakaa siku nane, kikaanguka tena.

Aliyenifundisha ni fundi mwingine, mtu mzima, anayefanyia kazi chini ya mwembe. Alikipokea kile kioo akakigeuza, akanionyesha kipande cha chuma kilicho mgongoni mwake, kidogo kama kucha ya dole gumba. Uzito wote unaning'inia hapo. Chuma kikipata joto hutanuka kuliko kioo kinavyotanuka, na kikipoa hurudi, na gundi iliyo katikati ndiyo inayovutwa huku na huku kila siku ya Mungu. Gari lililofungwa vioo juani Dar es Salaam dashibodi yake huunguza mkono. Supagluu ikikauka inakuwa ngumu na kavu kama kigae: haivumilii joto hilo, haivumilii tuta. Silikoni nayo hubaki laini, kioo kikatetemeka mpaka taa za gari la nyuma zikawa michirizi. Harroun mwenyewe alikuja kueleza kwamba kioo chake kilitikisika mno juu ya barabara ya matofali ya Indianapolis, hata hakuweza kuona cha maana nyuma yake.

"Ipo gundi yake," fundi akasema. "Ulizia maduka ya spea, sema gundi ya kubandikia kioo cha ndani. Inakuja na dawa yake pembeni."

Nilipoinunua na kurudi nayo, alianza kwa kupiga picha kile chuma kwa simu, kwa sababu kina juu na chini, na ukikibandika kichwa chini kioo hakiingii tena. Akanikalisha kwenye kiti cha dereva. Akapima kwa futi kutoka pembe zote mbili za kioo cha mbele, akapata katikati, kisha akatoka nje na kuzungushia pale mahali kalamu ya nta. Nje, si ndani: alama ya ndani ungeifuta pamoja na uchafu. Halafu akashika wembe, akaulaza, akaanza kukwangua gundi ya zamani. Ilikuwa inatoka kwa magamba ya kahawia, kama asali iliyogandia kwenye mzinga, na kila gamba lilipodondoka alipapasa kwa kidole kuona kama pamebaki kipele. Chuma akakisugua kwa msasa mpaka kikawa cheupe. Vyote viwili akavipangusa kwa spiriti, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa, maana alama ya kidole ni mafuta na mafuta hayashiki gundi. Kazi yote hii aliifanya kivulini. Kioo kikiwa cha moto, alisema, gundi hushika kabla hujakaa sawa.

Akapaka ile dawa kwenye chuma na kwenye kioo cha mbele, akaiacha ikauke. Kisha gundi, tone moja tu. Nilidhani ataongeza, hakuongeza; gundi nene ndiyo dhaifu. Akakigandamiza chuma kwa dole gumba, huku anatazama saa yake, dakika nzima hata na zaidi. Baada ya hapo akaanza kukusanya vyombo vyake, kioo chenyewe bado kiko juu ya boneti.

"Na hicho, fundi?"

"Kesho, dada. Gari linalala hapa."

"Nina safari."

"Sawa, lakini gundi haijui kama una safari."

Hapa ndipo penye neno langu la wiki hii. Yule kijana wa supagluu simlaumu sana. Alifanya kile ambacho wateja tumemzoesha: tunasimama kichwani kwa fundi funguo mkononi, tunauliza bado, bado, na tukiambiwa tuliache gari tunamwona anatuzungusha. Mafundi wengi wanaijua kazi sahihi. Wanajua pia kwamba mteja akiambiwa kesho atahamia gereji ya pili, ambako atabandikiwa kwa dakika tano. Kile chuma kikining'inizwa kioo kabla gundi haijakomaa, huanza kuteleza kidogo kidogo bila mtu kuona, na siku kinapoanguka huwa ni barabarani, katika mwendo. Kwa kazi hii mpe fundi siku nzima, saa 24. Mlipe na siku hiyo, kwa sababu gari lako limekalia nafasi ambayo angeingiza jingine.

Kama unaifanya mwenyewe nyumbani, na inawezekana kabisa, nitaongeza machache. Ile skrubu ndogo inayobana kioo kwenye chuma ikaze mpaka ishike, basi; ukiilazimisha unapasua kioo cha mbele, na hapo umenunua gharama nyingine kabisa. Gari likiwa na nyaya au kamera nyuma ya kile kioo, usivute kitu, mpelekee fundi umeme. Na yale mapambo tunayoyaning'iniza, tasbihi, rozari, vichupa vya manukato, yatafutiwe mahali pengine. Yanabembea katika kila shimo, na kila yanapobembea yanakivuta kile chuma.

Niliporudi asubuhi fundi alikisukuma kioo mahali pake, akakaza skrubu kwa ufunguo mdogo wa L, akakishika na kukitikisa. Hakikucheza. Akanionyesha na kile kitufe cha chini, ambacho nimeendesha miaka nisijue ni cha nini. Kioo cha ndani kimekatwa kama kabari, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Usiku, lori likikuwashia taa kali kwa nyuma, unakivuta kile kitufe, na sura angavu inaelekea darini. Unabakiwa na sura hafifu tu, ya kukuonyesha lori liko wapi bila kukuumiza macho. Nilifikiria safari zote za usiku nilizokunja uso kutoka Chalinze hadi Kibaha.

Kisha akaniambia niketi kama ninavyoketi nikiendesha, nikitengeneze kioo mpaka dirisha lote la nyuma lionekane bila kugeuza kichwa. Akafunga mlango, akazunguka gari, akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na shina la mwembe, pale pale ambapo saiti mira zote mbili hazifiki. Akainua mkono.

"Unaniona, dada?"

"Nakuona."

Akapiga buti mara mbili kwa kiganja, nikawasha gari.