Mwenye Kovu Usidhani Kapoa



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mishahara, saa za ziada na watu wanaofukuzwa bila notisi. Leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu hulicheka pembeni, na kicheko hicho ndicho kilichotufanya tushike kalamu.

Mwenzetu mmoja, mpakiaji wa katoni katika ghala moja la hapa Kampala, alifanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti. Alidunduliza fedha zake mwenyewe, hakumwomba mtu. Siku ya kumi na mbili alirudi kazini, kwa kuogopa nafasi yake isipewe mwingine. Alipomwomba msimamizi ampe kazi isiyo ya kunyanyua, alijibiwa kwamba huo si ugonjwa bali ni urembo, na aliyetaka urembo abebe na mzigo wake. Wafanyakazi waliokuwa karibu wakacheka. Alinyanyua katoni mpaka jioni. Usiku ule mshono ukaachia, kisha kidonda kikatunga usaha, na akakaa nje ya kazi kwa muda mrefu kuliko ule aliokuwa ameuomba.

Sisi tunasema: kidonda hakiulizi sababu. Tangu upasuaji huu ulipofanywa kwa mara ya kwanza kwa vifuko vya silikoni, huko Houston, Marekani, mwaka 1962, njia yake inajulikana. Kifuko huwekwa nyuma ya nyama ya titi, au chini ya msuli wa kifua. Msuli huo ndio tunaoutumia kusukuma toroli, kuinua gunia na kupanga bidhaa kwenye rafu za juu. Ndiyo maana madaktari kwa kawaida humwambia mwenye kazi ya mezani arudi baada ya wiki moja au mbili, lakini mwenye kazi ya nguvu humkataza kunyanyua vizito kwa muda wa wiki sita hivi. Akilazimishwa mapema, damu yaweza kuvujia ndani, mshono kufumuka, au kifuko kuhama mahali pake. Akiona upande mmoja umevimba ghafla, homa imepanda au usaha unatoka, basi arudi hospitali siku hiyo hiyo, asingoje mwisho wa zamu.

Wala jambo hili si la wenye kutaka urembo peke yao. Wapo akina mama wanaotolewa titi kwa sababu ya saratani, na wengine hutengenezewa jingine baadaye. Akitolewa na tezi za kwapani, mkono wake waweza kuvimba hata baada ya miaka. Wapo pia wanaopunguzwa matiti kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Hao wote hurudi kwenye ghala lile lile na kwa msimamizi yule yule. Tukimwacha mmoja achekwe leo, tumewafundisha wengine wafiche vidonda vyao.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka kwamba mfanyakazi asiyeweza kazi kwa ugonjwa au kuumia alipwe mshahara kamili mwezi wa kwanza. Ukiisha mwezi wa pili naye bado mgonjwa, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba. Jirani zetu wa Tanzania, kwa sheria yao ya mwaka 2004, waliweka siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mshahara kamili na 63 za nusu mshahara. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, iliweka kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Mwajiri atabisha kwamba upasuaji wa kujitakia si ugonjwa. Tusipoteze mwaka mzima tukibishana juu ya neno moja. Sheria yetu inampa mfanyakazi siku 7 za likizo kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka. Hizo ni wiki tatu. Aliyepanga upasuaji wake anaweza kuzitumia. Tunachodai kwa mwajiri ni wiki tatu zinazobaki: kazi nyepesi, bila kupunguziwa mshahara. Kuna kuhesabu mali, kubandika lebo, kuandika hati za mizigo. Kazi hizo zipo katika kila ghala. Na kidonda kikiharibika, huo ni ugonjwa bila ubishi wowote, na ulipwe kama ugonjwa.

Jambo la pili ni siri ya mfanyakazi. Msimamizi hana haja ya kujua kisu kimepita wapi. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 juu ya habari binafsi za wafanyakazi unasema mwajiri apewe uamuzi tu unaohusu kazi, bila maelezo ya kitabibu. Kwa hiyo cheti cha daktari kiandikwe hivi: mtu huyu asinyanyue zaidi ya kilo kadhaa, asiinue mikono juu ya mabega, mpaka tarehe fulani. Basi. Cheti cha namna hiyo hakimpi mtu nafasi ya kucheka, na kinamfunga msimamizi kuliko kile kinachotaja jina la upasuaji.

Watakuwapo ndugu watakaosema chama kina mambo makubwa zaidi ya matiti. Tunawajibu kwamba hili ni jambo la mzigo. Shirika hilo hilo, katika Pendekezo namba 128 la mwaka 1967, lilisema mzigo wa mwanamume mzima anayebeba kwa mikono usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe pungufu sana. Gunia la kahawa ni kilo 60, na la saruji kilo 50. Ikiwa mizigo hiyo ni mikubwa hata kwa wazima, itakuwaje kwa mwenye nyuzi kifuani?

Kwa hiyo tunaviomba vyama, kila tawi linapokwenda kujadili mkataba wa pamoja, viingize kifungu kimoja: mfanyakazi yeyote aliyefanyiwa upasuaji, wa sababu yoyote, apewe kazi nyepesi kwa muda ulioandikwa na daktari, na nafasi yake ilindwe. Wawakilishi wa wafanyakazi wawe wa kwanza kupeleka cheti hicho kwa mwajiri, ili mgonjwa asiende peke yake.

Na sisi wenyewe tujikosoe. Siku ile ghalani, msimamizi alisema neno moja tu. Waliolipa nguvu neno lake ni wale waliocheka, nao ni wanachama wetu. Kama mmoja tu kati yao angesogea akashika upande wa pili wa katoni, mshono ule huenda usingeachia.

Mwenzako akirudi kazini mkono wake umeshikilia kifua, usimwulize amefanya nini. Mwulize ni mzigo upi umsaidie.