Mashine ya ubongo isimwachishe mtoto dawa ya kifafa

Mama mmoja alivuka ziwa kutoka Ukerewe hadi Mwanza mjini na mtoto wa miaka minane mwenye kifafa. Aliambiwa kuna mahali mtoto atawekewa waya kichwani, acheze mchezo kwenye kompyuta, na baada ya vipindi ishirini atapona na kuacha dawa. Aliniuliza: auze nyavu za baba watoto alipie?

Nilimjibu hapana. Mzazi mwenzake anayesoma hapa naye aijue sababu.

Tiba hiyo ipo kweli. Inaitwa bayofidibaki. Kifaa hupima jambo moja la mwili, kama mapigo ya moyo, mkazo wa misuli au umeme wa ubongo, kisha hukuonyesha kwenye skrini ili ujifunze kulidhibiti. Mwaka 1972 Barry Sterman wa Marekani alieleza habari za mgonjwa wa kifafa ambaye mazoezi hayo yalimpunguzia kuanguka.

Tangu hapo tumejifunza mengi. Kwa kipandauso, na kwa baadhi ya watu wanaoshindwa kuzuia mkojo au choo, bayofidibaki husaidia. Kwa watoto wasiotulia darasani matokeo hayaridhishi: walipolinganishwa na wenzao waliowekewa mashine ya kuigiza, tofauti haikuwa ya maana. Kwa kifafa, haijachukua nafasi ya dawa.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Dawa mojawapo, fenobabitoni, ni ya bei nafuu na imetumika tangu 1912. Kuiacha ghafla kunaweza kumfanya mtoto aanguke mfululizo bila kuzinduka, na hiyo inaua. Tena sisi tunaishi kando ya maji. Mtoto anaweza kuanguka akichota maji ziwani, au akiota moto jikoni.

Simlaumu mama yule. Ukifika zahanati ukaambiwa dawa zimeisha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anayekuahidi uponyaji unamwona mkombozi. Ndiyo maana nasema dawa ya kifafa isikosekane kwenye zahanati za visiwani hata mwezi mmoja. Hilo ni jukumu la wanaotuongoza.

Wewe mzazi, kabla ya kulipia mashine yoyote, uliza mambo matatu. Nani amethibitisha ugonjwa wa mtoto? Anayetibu amesajiliwa kama mtaalamu wa afya? Anakubali mtoto aendelee na dawa? Akikwambia uache dawa, mshike mtoto mkono muondoke. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi mwombe rufaa hadi Bugando.

Nyavu zibaki. Ndizo zitakazolipa nauli ya kliniki ya mwezi ujao.